Cherehani Kisiwani

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kahororo, Bukoba, na maji nayaogopa tangu utoto. Nisingevuka ziwa kama moto usingeteketeza kambi ya wavuvi kwenye kisiwa kimoja cha wilaya ya Muleba. Ulianzia jikoni mchana, upepo ukauchukua, na vibanda vya mbao na maturubai vikaisha kabla ugali haujaiva. Hakufa mtu, tukamshukuru Mungu. Lakini watu walibaki na nguo walizovaa na mitumbwi iliyokuwa ziwani.

Jumuiya yetu ikaamua kukusanya nguo. Aliyesimamia ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mama ambaye nadhani hata kuku wake hula kwa foleni. Chumba changu cha kushonea kikageuka ghala. Watu walitoa kwa moyo, siwezi kusema vinginevyo, ila walitoa makoti ya suti, tai, viatu vya visigino virefu na sketi za sufu zilizowapendeza enzi walipokuwa wembamba.

Tulipanda boti bandarini Kemondo, mimi na mwalimu na magunia sita. Nilikumbatia gunia la makoti safari nzima huku nikisali. Mwalimu alikula karanga.

Kisiwani tulipokelewa vizuri mno. Magunia yakafunguliwa pale mwaloni, boti zinapotia nanga, mvuvi mmoja mwenye mabega mapana akajaribu suruali ya karani fulani wa mjini. Ikakwama magotini. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaikunja taratibu na kusema, "Asanteni sana." Ile asante iliniuma kuliko kama angenitukana.

Mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye kibanda chake nacho kilikuwa kimeungua, alitukaribisha tukae juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Mama zangu, Mungu awabariki," alisema. "Lakini mbona hamkutupigia simu? Zipo zilizopona."

Mwalimu alinyoosha mgongo. "Tuulize nini, waitu, ndugu yangu? Mtu aliyeunguliwa anahitaji nguo."

"Anahitaji inayomtosha. Na sufuria. Kambi nzima tumebaki na sufuria tatu. Tunapika kwa zamu, watoto wa zamu ya mwisho wanakula saa kumi jioni."

Akanigeukia mimi. "Na wewe unafanya kazi gani huko kwenu?"

"Nashona."

"Unashona!" Akapiga makofi. "Halafu umekuja mikono mitupu?"

Juma lililofuata nilirudi na cherehani yangu ya mkono, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Mwalimu alikuja na sufuria alizozunguka kuziomba nyumba kwa nyumba, kubwa, zile za misibani. Safari hii tulikuwa tumepiga simu.

Nilishona siku tatu chini ya turubai. Nilipanua viuno, nikapunguza mikono, makoti ya suti nikayageuza kaptura za watoto. Mvuvi wa mabega mapana alipata suruali iliyotokana na suruali mbili, mguu mmoja kijivu, mwingine kahawia, akatembea nayo mwaloni kama bwana harusi. Mwalimu, kwa kuwa madaftari yalikuwa yameungua, alikusanya watoto mchangani akawafundisha hesabu kwa vijiti. Nilimsikia kutoka nilipokaa. Nadhani na Bukoba walimsikia.

Siku ya tatu kitambaa kiliniishia, na wasichana wadogo wanne walikuwa bado hawajapata kitu. Mwalimu akaenda kwenye begi lake, akatoa gauni jeupe, refu, lenye mikono ya lesi. Nililijua. Lilikuwa kwenye picha ya harusi sebuleni kwake.

"Mwalimu, hili hapana," nikasema.

"Nimelibeba nikijua."

"Na marehemu je?"

Alilipapasa kidogo pale kifuani, akaondoa uzi uliojitokeza. "Marehemu alikuwa haoni sababu ya kitu kukaa sandukuni. Kata, mwanangu. Kata kabla sijabadili mawazo."

Nilikata. Yeye akasimama pembeni akinielekeza kama vile mkasi ni wake. Yalitoka magauni manne. Mdogo kuliko wote alipovalishwa lake alizunguka mpaka akaanguka, na mwalimu akacheka huku anafuta macho kwa kanga. Nilizungusha gurudumu la cherehani ingawa haikuwa na nguo.

Kambi ilijengwa upya. Mama wa dagaa ndiye aliyetupigia kutuambia, sauti ikishindana na nyundo, kwamba safari hii majiko wameyaweka mbali na vibanda.

Tangu hapo tunauliza kwanza. Upepo ulipoezua nyumba na kulaza migomba kijijini Rubafu, mwalimu alipiga simu kabla mtu hajafungua kabati. Wakasema nguo wanazo, wanataka watu wenye mapanga na nguvu za kusimamisha miti ya kuegemeza migomba. Na bibi mmoja alitaka tu mtu wa kumshikia ng'ombe, kwa sababu zizi limeanguka na wanawe wako juu ya paa wakiezeka. Tukaenda kumi na moja. Mimi nilipewa ng'ombe. Nilimshika kamba tangu asubuhi hadi zizi liliposimama, akanikanyaga mara mbili, na bibi akaniambia nimemsaidia kuliko wote.