Tembo Niliyemsugua kwa Majivu

Wasomaji wenzangu, nina miaka kumi na saba na nasoma kidato cha tatu hapa Bariadi. Nimemwomba mhariri wa ukurasa huu afiche jina langu, kwa sababu gazeti hili baba hulisoma mpaka matangazo. Huenda akanitambua hata hivyo.

Baba alikuwa mpanga madaraja wa pamba kwenye chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao, akapunguzwa kazi. Ng'ombe wetu nao waliisha kwa ukame. Akabaki na urithi wa babu: sarafu mbili za dhahabu za wakati wa Mjerumani, zote za aina moja, zenye picha ya tembo. Akaanza kutafuta nyingine za enzi hiyo ili apate seti ya aina nne. "Hizi hazifi kwa kiu," hutuambia. Majirani humtania, "Bwana Madaraja, tembo wako leo katoa maziwa lita ngapi?" Naye hujibu, "Angalau hajala shamba la mtu."

Miaka mitatu tulibana matumizi. Uji tulikunywa bila sukari, viatu vyangu vilitiwa kiraka mara mbili, na Krismasi tulikula ugali kama siku nyingine. Sikunung'unika, kwa kuwa baba alinionyesha bajeti yake kwenye daftari kana kwamba mimi ni mtu mzima. Mwishowe ikabaki sarafu moja tu. Mzee mwenye duka la vito Mwanza alikuwa nayo, akakubali kumwekea. Baba angempa yule tembo wa pili, ambaye mzee alikwisha kumtazama kwa lenzi na kumpa daraja la juu kabisa, kisha angeongeza fedha ya pamba.

Wiki ya safari nilimtoa tembo huyo kwenye kopo lake. Alikuwa na wekundu uliofifia, na weusi kwenye mikunjo ya masikio. Tangu utotoni baba amenifundisha kuchambua pamba: ukitoa uchafu ni safi, ukiuacha inaitwa fifi na bei inaanguka. Nikachukua majivu na mchanga laini, nikasugua mpaka tembo akang'aa. Nilitaka mzee wa Mwanza ashangae na baba apate fahari. Baba aliondoka na kopo bila kulifungua.

Alirudi na tembo yule yule. Mzee alikuwa amemwambia, "Huyu amechubuliwa. Sasa ni dhahabu ya kuyeyusha tu, si sarafu ya kutunza."

Baba akatuita sote. "Nani amemsugua?" Hakupaza sauti. Nikakunja vidole vyangu kiganjani.

Shangazi yangu, dada yake baba, alirudi kwetu kutoka Bukundi ndoa yake ilipovunjika. Ndiye anayesugua vyombo vya nyumba nzima kwa majivu, kwa hiyo macho yote yalimwelekea. Yeye alitazama kucha zangu zilizolika kwa mchanga.

"Ni mimi, kaka," akasema. "Nilimwona mchafu."

"Dada, kwako kila kitu ni sufuria!"

Nilimfuata jikoni nikilia. "Nyamaza, ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu. "Mimi nimezoea kusemwa. Baba yako akikukosa wewe, atabaki na nani wa kumwonyesha daftari lake?"

Tangu siku hiyo baba ananiachia mimi ufunguo wa sanduku la sarafu. "Wewe ndiye unayejua thamani yake," anasema. Na shangazi ameahidi kuziba pengo kwa pamba ya kishamba chake, ile aliyoilima ili anunue cherehani aanze kujitegemea. Baba ameshaiandika kwenye bajeti.

Kila jioni tunaichambua pamba hiyo pamoja, safi huku, fifi kule. Shangazi hunitania, "Toa kwa kidole, usije ukasugua!" Halafu anacheka mwenyewe. Mimi siwezi.

Nikisema kweli, shangazi ataonekana mwongo mbele ya kaka yake, na baba hatanitazama tena kama zamani. Lakini nikinyamaza, mtu asiye na kosa atalipa kwa cherehani yake. Ninapoandika haya ufunguo uko shingoni mwangu. Pamba bado haijapelekwa mizanini. Nishaurini, wazazi wangu na dada zangu mnaosoma hapa, nifanye nini kabla haijapimwa?