Kukhu na Baba Juu ya Mlima Elgon

Turubai lililonyeshewa kisha likapigwa na jua hutoa harufu yake ya pekee, harufu ya vumbi la stoo, mafuta ya taa na nyasi zilizokanyagwa. Wengine wakiisikia hukumbuka matanga, maana kwetu Kitale hema ni kitu cha kukodi watu wanapozika au wanapofunga harusi. Mimi hunirudisha kwenye likizo ile ya Agosti tulipokwenda kupiga kambi katika mbuga ya Mlima Elgon: mimi, wazazi wangu, mdogo wangu Kamau, na Kukhu, yaani mama mzazi wa mama yangu. Nilikuwa darasa la nne. Hema zenyewe Baba aliziazima kwa mwalimu wa skauti, na majirani zetu wa mtaa wa Kibomet walipoziona zimeanikwa uani walikuja kutupa pole. Mmoja alimuuliza Mama kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Mama alipomjibu kwamba tunakwenda tu kulala msituni kwa kupenda kwetu, yule jirani alimtazama kwa huruma zaidi.

Lakini kituko hakikuwa hema. Kituko kilikuwa kwamba Baba na Kukhu walikuwa wanakwenda safari moja. Baba ni Mkikuyu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani, na alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale. Mama ni Mbukusu wa Bungoma. Kwa watu wa Mama, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hawalali kamwe chini ya paa moja. Kwao Baba mambo haya si makali kiasi hicho, ila yeye aliyashika kwa bidii ya mtu aliyeokoka jana. Kukhu akija kwetu alifika asubuhi, kuku wakiwa kikapuni, akaketi jikoni na Mama. Baba akirudi dukani alikohoa langoni, akaingilia mlango wa mbele na kubaki sebuleni. Jua likianza kushuka, Kukhu alishajifunga leso kurudi Bungoma. Mazungumzo yao yote yalipitia kwangu. "Mwambie mama ahsante kwa kuku," Baba alikuwa akisema. "Mwambie kuku ni ya watoto," Kukhu alikuwa akijibu. Nami nilitembea kutoka chumba hiki hadi kile nikirudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia, kwa sababu ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Mimi nilifurahia kazi hiyo. Mama hakuifurahia. Siku moja nilimsikia akimwambia rafiki yake wa kanisani kwamba watu wawili anaowapenda kuliko wote duniani watakuja kufa bila kujuana, na sauti yake haikuwa ya utani.

Mwaka huo macho ya Kukhu yalianza kufifia. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kwenda hairudi. Mama alilia njia nzima kutoka hospitali. Kukhu hakulia, yeye alitoa ombi. Alikuwa ameketi uani kwake nje ya mji wa Bungoma, chini ya mikaratusi yake, uso ameuelekeza upande wa mlima ambao kwake sasa ulikuwa kivuli tu, akasema, "Huu mrima umeniangalia tangu niolewe hapa. Na mimi nataka nipande huko juu, nione huwa unaona nini." Mama alilileta ombi hilo Kitale kama mtu aliyebeba yai. Baba alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Basi tutalala huko," alisema. "Mchana kunakuwa na ukungu. Asubuhi ndio kunaonekana." Mama akamuuliza, na heshima je? Baba akasema, "Hema ni mbili. Si paa moja." Penye nia pana njia, na Baba alikuwa na nia hata pale ambapo njia ilimtoa jasho.

Tulimpitia Kukhu kwake kwa pikapu. Mama alimbembeleza aketi mbele, akakataa katakata, akapanda nyuma kwenye godoro na mimi ubavuni mwake. Nilipochungulia ndani kupitia kioo niliona kwamba Baba alikuwa amekigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikatazama juu, kisije kikamwonyesha mama mkwe kwa bahati mbaya. Aliendesha hivyo, bila kuona kinachotufuata, kupita Kimilili hadi barabara za Kapsokwony zinazopanda kama ngazi, vijana wa bodaboda wakiteremka na magunia ya viazi huku wamezima injini kuokoa petroli. Kukhu aliisoma njia kwa pua. "Hapa ni kahawa," alisema. Halafu, "Hapa wamevuna vitunguu." Hewa ilipokuwa baridi na yenye harufu ya majani yaliyooza, alijifunika shuka mpaka kidevuni na kusema tumefika.

Kambi ilikuwa uwanja mdogo wa nyasi katikati ya miti mirefu iliyoota ndevu za kuvu, na mbega weusi wenye mikia myeupe walikuwa wakirukaruka juu yetu kana kwamba tumewavamia. Renja, askari wa mbuga, alituonyesha mahali pa kuwasha moto, akaonyesha pia njia ya miguu iendayo kwenye mwamba wenye kuona mbali, akatuacha. Baba alisimamisha hema moja huku na ya pili kule, milango yake imepeana mgongo, na mbali kiasi kwamba chai ya Kukhu ilipoa kabla sijamfikishia. Mjumbe hauawi, ila huchoka. Tatizo jingine lilikuwa jina langu. Kwa desturi ya kwao Baba watoto hupewa majina ya bibi na babu zao, nami niliangukia la Kukhu, Nekesa, na kwa desturi ya kwao Mama ni mwiko kwa mkwe kulitamka jina la mama mkwe akiwapo. Basi kwa siku zote zile Baba aliniita "wewe wa darasa la nne", na Kamau akaona hilo ndilo jambo la kuchekesha kuliko yote aliyowahi kusikia.

Mvua ilitunyeshea jioni ile na siku iliyofuata yote. Tulikaa hemani tukisikiliza maji, tukila mkate na mayai ya kuchemsha, na kila nilipompelekea Kukhu chochote aliniuliza kama mawingu yamefunguka. Asubuhi ya mwisho yalifunguka. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, lakini Kamau alikuwa ameamka na homa, kifua kinakoroma, na Mama hakuweza kumwacha wala kumtoa kwenye baridi. Renja alipita akasema ukungu utarudi kabla ya mchana. Siku hiyo hiyo tulipaswa kuondoka. Mama alimtazama Baba, akamtazama Kukhu aliyekuwa tayari ameshavaa viatu vyake vya raba, na niliona machozi yakimlenga. Baba akasema, "Mwambie mama tutaenda. Wewe utamshika mkono, mimi nitatangulia."

Nilimshika mkono. Kukhu alikuwa mwanamke mwenye mwili, na njia ilikuwa tope tupu lenye mizizi. Hatukufika mbali. Mguu wangu uliteleza, wake ukafuata, tukaenda chini sote wawili kwa magoti. Baba aligeuka akaja mbio, mikono ameinyoosha, kisha akasimama ghafla hatua chache kutoka kwetu, mikono yake ikaning'inia hewani. Sijawahi tena kumwona mtu mzima amekwama namna ile. Kukhu alikuwa ameketi kwenye tope, uso ameuinamisha, anangoja. Mwacha mila ni mtumwa, wazee husema, lakini hawakusema afanye nini anayeshika mila wakati mama mkwe wake yuko matopeni. Baba aliingia vichakani. Alirudi na tawi kavu refu lililoanguka, akalipunguza vijitawi kwa kisu, akalipangusa kwa sweta yake mpaka hakuna kibanzi cha kumchoma mtu, halafu akaiweka ncha moja karibu na mkono wa Kukhu. "Mwambie mama ashike hapo," alisema. Yeye akashika ncha ya pili, akatugeuzia mgongo, akaanza kupanda polepole. Kila penye mzizi aliugonga kwa kiatu ili usikike. "Mwambie mama kuna mzizi. Mwambie mama hapa ainue mguu." Nami nilifuata nyuma nikisema, Kukhu kuna mzizi, Kukhu inua mguu, mpaka tukafika.

Nilikuwa mtoto, na palepale mwambani palikuwa na mbega. Niliwafuata. Niliporudi nilisikia sauti za watu nikiwa bado nyuma ya jiwe kubwa, nikachungulia. Baba alikuwa ameketi upande mmoja wa mwamba, Kukhu upande wa pili, karibu wapeane mgongo, na lile tawi limelala katikati yao. Chini yao nchi yote ya Bungoma ilikuwa imetandikwa kwenye jua. "Mwambie mama kule mbali, mkono wa kushoto, kuna moshi," Baba alikuwa akisema. "Hiyo ni kampuni ya sukari." Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kukhu aliitikia kwa kichwa. "Mwurize barabala ya Malaba iko wapi," alisema, na Baba akajibu, "Mwambie mama iko mkono wa kulia. Malori yanaonekana kama siafu." Walikuwa wananitumia mimi, na mimi sikuwapo.

Nilitaka kutoka. Mguu ulikuwa tayari umeinuka. Ndipo nilipoelewa, kwa namna mtoto anavyoelewa kitu bila kuwa na maneno yake, kwamba nikitokea watanipata, na wakinipata ule ukuta wa mbao utarudi. Nikakaa chini nyuma ya jiwe, nikakunja magoti.

"Na mikaratusi yangu?" Kukhu aliuliza. Baba alitafuta kwa macho. "Mwambie mama sitaki kumdanganya," alisema mwishowe. "Kutoka hapa haionekani. Lakini kuna kijito kinaacha barabara, alafu kuna mahali kijani imekuwa nyeusi kidogo. Mimi nasema ni huko kwake." Kukhu akageuza uso upande huo kana kwamba ameonyeshwa kwa kidole. "Kunafanana aje?" aliuliza. Baba aliuza misumari na mabati, maneno mazuri hayakuwa biashara yake, na nilimwona akihangaika nayo. "Ni kuzuri," alisema. "Ni kadogo sana ukiwa hapa. Lakini ni kuzuri." Kukhu alijifuta uso kwa ncha ya leso. Baada ya hapo upepo ulivuma, na mengi waliyoyasema yalinipita. Nilisikia Kukhu akiuliza habari za mama yake Baba. Nilimsikia Baba akieleza jambo refu kwa sauti ambayo nyumbani hakuwa nayo. Kisha nilimsikia Kukhu akicheka, na Baba naye akacheka. Nilikaa mpaka mguu ukafa ganzi. Wanasema milima haikutani lakini binadamu hukutana, na mimi niliwaona wakikutana juu ya mlima wenyewe bila kutazamana.

Wakati wa kushuka Baba alitangulia tena, mimi nyuma kabisa. Kwenye ile sehemu mbaya alisema, "Mama, shika sana hapa." Hakusema mwambie. Kukhu akashika sana. Tulipofika kambini, Mama akiwa amesimama mlangoni mwa hema na Kamau mgongoni, Baba alinigeukia akasema kwa uso mkavu, "Mwambie mama chai iko tayari." Nikaenda nikamwambia Kukhu.

Kukhu aliishi miaka mingi baada ya macho yake kuzima kabisa. Kila mgeni aliyefika kwake alisimuliwa habari za moshi wa kiwanda, malori kama siafu, na jinsi boma lake linavyoonekana ukilitazama kutoka juu. "Niliona," alisema, na watu wa kwake waliamini kwamba siku ile Mungu alimfungulia macho kidogo. Hakusema hata mara moja ni nani aliyemwonyesha. Angemwaibisha mkwe wake. Siku ya kumzika, Baba aliketi mbali na jeneza pamoja na wakwe wengine kama ipasavyo, akalia kuliko ilivyotarajiwa kwa mkwe. Watu walisema anampenda sana mke wake.

Leo mimi nina mume na watoto, tunaishi Nairobi. Mama akija hulala kwetu hata mwezi mzima. Yeye na mume wangu wanagombania rimoti, wanataniana, wanakula ugali wa sahani moja. Mwaka jana tulikwenda wote kupiga kambi mbugani, tukalala hema moja kubwa tuliyonunua mtandaoni, na hakuna aliyehitaji mjumbe. Siutamani ule ukuta urudi. Ulimnyima mama yangu furaha nyingi. Ila nikimtazama mume wangu na Mama wameketi kochi moja kimya, kila mmoja na simu yake, hujiuliza kama iko siku mmoja wetu atamtafuta mwenzake kwa taabu kama ile.

Krismasi iliyopita, tukiwa Kibomet, Mama alisema tena lile jambo lake la miaka yote, kwamba huzuni yake ni kuwa mama yake na mumewe hawakuwahi kujuana. Baba alikuwa palepale akimenya chungwa. Sikuweza kuvumilia. Nikamsimulia Mama yote niliyoyaona na kuyasikia nikiwa nyuma ya lile jiwe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Baba, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mliongea nini kingine?"

Baba alitenga chungwa lake vipande, akampa Mama kimoja.

"Hayo," alisema, "ni yangu na mama mkwe wangu."