Siku Tulipotoa Vyombo Vyote Nje

Kabla ya kuja Kakamega nilikuwa Lugari, kwenye shamba la Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa karibuni, naye hakutaka kuiona ikizeeka. Kazi yangu ilikuwa kufagia ghala la mahindi, na humo kulikuwa na mikebe ya unga mweupe wa kuulia wadudu. Siku moja mkebe ukapasuka, kuku wakadonoa mahindi yaliyomwagikiwa. Jioni walikuwa wamelala, miguu imenyooka. Mbwa akala kuku. Kesho yake tulimkuta mbwa kando ya mtungi wa maji, ulimi nje. Nilitaka sana kujua ni kitu gani kinachoweza kutoka kwa mdudu hadi kwa mbwa bila kuwa na miguu, lakini sikupata wa kunijibu. Nikaondoka, kama nilivyoondoka shuleni kabla ya kumaliza darasa la nne.

Huko Kakamega, upande wa Lurambi, nilipanga chumba cha nyuma kwa mama mmoja kijana. Mumewe alikuwa akipakua mizigo stesheni ya Butere na kurudi nyumbani Jumamosi. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Nyumba yao ya udongo ilikuwa safi kwa macho, lakini viroboto walikuwa wameingia kwenye nyufa za sakafu, na kunguni wamejaa kwenye viungo vya vitanda. Mtoto alikuwa na madoa mwili mzima. Alijikuna hadi damu.

Mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki akatuletea salamu kutoka Butere.

"Bwana wako anasema usihangaike tena," alimwambia mama mtoto. "Amepata dawa kwa Mzungu anayehama. Jumamosi ataimwaga nyumba nzima, kila ufa."

"Ni unga mweupe?" nikauliza.

"Mweupe kama wa muhogo. Mkebe umechorwa kichwa cha mtu, mifupa mitupu."

Alipoondoka nikamweleza mama mtoto habari za kuku na mbwa. Alinisikiliza huku akimtazama bintiye, aliyekuwa ameokota kitu sakafuni na kukitia mdomoni.

"Nikimwambia asimwage, atasema usafi umenishinda, na sasa nakataa wake," alisema. "Huyo hasikiangi maneno. Anaonanga tu."

"Basi utafanyaje?"

"Basi, shemeji, akija asikute kiroboto hata mmoja. Akose wa kumwagia."

Ijumaa kutwa alikusanya vitu: majivu ya kuchekecha, samadi mbichi ya ng'ombe, udongo wa kichuguu, na yale magugu ya maua ya njano yanayonuka vikali ambayo hujaa shambani mahindi yakishavunwa. Jumamosi asubuhi tulitoa vyombo vyote nje. Vitanda tulivisimamisha juani na kumwagia maji ya moto kwenye viungo. Kunguni wakatoka wamevimba kama kunde. Ndani tulifukiza yale magugu juu ya kigae, tukafunga mlango, tukakaa nje macho yakitiririka machozi. Moshi ulipopungua tukajaza majivu kwenye nyufa. Sufuria nilizisugua mimi kwa majivu na nyuzi za mgomba mpaka zikang'aa. Mtoto alikuwa amelala chini ya mpera, kafunikwa leso gubigubi kwa ajili ya inzi.

Mama mkwe wake, aliyeishi boma hilohilo, akaja akasimama mlangoni.

"Binti, acha hata mkeka mmoja ndani. Nyumba haitolewangi vyombo vyote namna hii."

"Kunguni watabaki kwenye huo mkeka, mama."

"Basi usizime moto."

Lakini moto ulikuwa umeshazimwa. Viroboto walijificha kandokando ya mafiga, na huwezi kusiriba meko yanayowaka. Mama mkwe alitazama majivu baridi, kisha akatazama leso chini ya mpera. Akaenda zake.

Kwetu nyumba hutolewa vyombo vyote na meko yakaachwa baridi kwa sababu moja tu.

Kilio kilianzia ng'ambo ya barabara. Mwanamke aliyekuwa amebeba kikapu cha viazi vitamu alisimama, akaona viti uani, akaona leso na umbo dogo ndani yake, akaweka mikono kichwani. Kilio hakiulizi kitu. Huyu hupokea kwa yule akampa wa mbele yake, kikashuka barabara kwa mwendo ambao mtu hawezi kuukimbiza. Muda si muda uwanja ulijaa. Mama mtoto akatoka ndani, samadi na majivu hadi viwikoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wakalia zaidi. Walidhani akili imemruka.

Ndipo leso ikatikisika. Mtoto akaisukuma, akakaa, naye akaanza kulia kwa kelele zao. Wanawake wakashusha mikono kichwani.

"Alikuwa amelala tu," mama mtoto alisema. "Nasafisha nyumba."

"Usafi gani huu wa matanga?" akafoka kikongwe mmoja. "Mimi nimeacha maharagwe motoni! Sasa yakiungua, nitakula kwako."

"Kukhu, bibi yetu, wewe ungekula hata kama ni matanga," mwingine akamjibu, wakacheka.

Mama mkwe hakucheka. "Mmemwita," alisema polepole. "Mtu akililiwa, huko kwa wafu wanasikia."

Kicheko kikafa. Na kilio chenyewe kilikuwa kimeshatutangulia barabarani.

Mume alifika akikimbia, kiatu kimoja mguuni, mkebe kwapani. Tulimpisha. Aliuweka mkebe kizingitini, akampokea mtoto, akampapasa kichwa, mgongo, nyayo, kama mtu anayekagua mzigo ulioanguka. Kisha akaingia ndani akachuchumaa kwenye sakafu mbichi.

"Tafuta kiroboto," mkewe alimwambia. "Tafuta hata mmoja."

Hakutafuta. Alikuwa anautazama mkebe.

"Waliponiambia amekufa," alisema, "njiani kote nilijiuliza ni nini kimemuua. Kitu pekee kilichonijia akilini ni hiki nilichobeba. Na kilikuwa bado kimefungwa."



Jioni ileile tulichimba kwenye kichuguu cha zamani nyuma ya nyumba, tukaufukia mkebe bila kuufungua, tukalaza jiwe juu. Kuutupa mtoni, mume alisema, ni kuwaua watu wasiotujua. Viroboto walirudi baadaye, wachache, na mama mtoto akawa anasiriba tena kila wanapoonekana, moto ukiwaka na mkeka mmoja ukibaki ndani. Madoa ya mtoto yakakauka.

Mimi niliondoka mvua zilipoanza. Asubuhi ya safari nilikwenda nyuma ya nyumba, maana sijawahi kuacha mahali bila kuchungulia. Msafara wa siafu ulikuwa unavuka uwanja. Ulipokaribia lile jiwe ukapinda, ukalizunguka kwa mbali, kisha ukanyooka tena. Mtoto alikuwa anatambaa nyasini. Kati yake na jiwe, juu ya kigoda, alikaa mama mkwe na fimbo mapajani, na hakugeuka nilipomuaga.