Afande Ojera na Makanisa ya Bondeni

Watu wa bonde lililo nyuma ya soko la Kalerwe walimpa Ojera jina la kumsifu na kumcheka kwa pamoja: Serikali. "Serikali inaenda kununua mkate," walisema akipita, mgongo wima kama yuko gwarideni, viatu vinang'aa hata siku za matope. Alikuwa amestaafu upolisi akiwa sajini, na inaelekea hakuna aliyemweleza kwamba mtu akistaafu huacha kazi.

Alitoka Kitgum miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, wakati ambapo kijana wa kaskazini akionekana Kampala alitakiwa ajieleze kwanza, salamu baadaye. Akaona heri awe yeye anayeuliza maswali. Upolisini alijifunza Kiswahili cha kambi, akajifunza kuandika maelezo ya shahidi bila kutia chumvi, na akamwoa Maimunah, binti wa koplo mmoja wa Arua. Ojera Mkatoliki, Maimunah Mwislamu. Wazee wa pande zote mbili walinuna mpaka alipozaliwa mtoto wa kwanza, Onen, ndipo wakapata jambo jipya la kugombania, yaani jina lake la pili.

Miaka yote ya kazi waliishi kambini katika kibanda cha bati cha mviringo, nusu yao, nusu ya familia nyingine, na ukuta wa katikati ulikuwa pazia. Jirani akikohoa, Maimunah alisema pole. Mchana bati lilichoma, usiku liliganda. Ndiyo maana Ojera hakutamani gari wala cheo. Alitamani ukuta wa matofali, wa kwake, ambao mtu akipiga chafya upande wa pili wewe husikii. Pensheni ilipotoka, kwa kuchelewa kama kawaida yake, alinunua kibanja bondeni na kujenga nyumba yenye vyumba vitatu. Siku ya kuhamia alimfungia Maimunah chumbani, akamwambia apige kelele. Alisikia kila neno, kwa kuwa dari ilikuwa bado, na kwa kuwa alikuwa mkweli akamwambia kwamba amesikia. Lakini alicheka mpaka akatoka machozi.

Ukweli ndio uliokuwa ugonjwa wake. Mwenye duka akija kudai deni lake, watoto hawakuruhusiwa kusema baba hayupo. Maimunah alikuwa akisema kwamba ameolewa na kizimba cha mahakama.

Sasa, ukawadia mwaka ambao ofisi ya mipango ya mji iliamua kuchora ramani ya wazi, ya kila kiwanja na matumizi yake, ili kila mwananchi aweze kuiona na kila mpango ufuate hiyo. Jambo zuri, nani atabisha? Tatizo ni kwamba habari zilimfikia Sulaimani kwanza. Huyu alikuwa fundi wa kuziba pancha pale njia panda, na mambo yote aliyajua siku moja kabla hayajatokea.

"Wanatafuta kodi," aliwatangazia watu. "Ukisema nyumba, wanahesabu vyumba. Ukisema duka, umekwisha. Lakini kanisa haiwezi ripa kodi, bannange! Msikiti haiwezi ripa kodi!"

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Katika bonde lile ilikuwa ndefu na pana, na watu walipita humo bega kwa bega. Binti wa ofisi, jina lake Adero, alipofika na kile kimashine chake cha kupimia, kila mlango aliobisha ulikuwa wa nyumba ya Mungu. Sulaimani alisema msikiti, na yale matairi akasema ni ya waumini kukalia. Muuza waragi, ile pombe kali, alisema nyumba ya maombi, naye angalau hakuwa mbali na ukweli, maana watu walikuwa wakilia mle ndani mpaka alfajiri.

Ng'ambo ya mtaro, uso kwa uso na Ojera, aliishi Emérence, ambaye watu walimwita Mama Darlène. Alikuwa mjane aliyekimbia kutoka upande wa Bukavu, akiuza samaki wakavu Kalerwe na kulea wajukuu katika nyumba ya mbao. Aliposema kanisa, Adero alitazama samaki waliotundikwa kwenye waya.

"Na hii?"

"Iko ya sadaka," alijibu Mama Darlène bila kupepesa macho.

Adero akaandika, maana kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa. Alipofika kwa Ojera alikuwa amechoka na utakatifu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mikono ubavuni.

"Nyumba ya kuishi," alisema. "Vyumba tatu, choo moja, jiko ya nje. Andika."

Nyuma yake Maimunah alitazama mbinguni, kwa dini yake.

Miezi ikapita, ramani ikatoka. Watu walikusanyika kwa Sulaimani, ambaye simu yake ilikuwa na kioo kikubwa, wakalitazama bonde lao kutoka juu kama ndege. Nyumba za kuishi zilikuwa njano, mahali pa ibada zambarau. Kilima cha Lubaga, pamoja na kanisa kuu lake lote, kilikuwa na doa moja la heshima. Bonde la nyuma ya Kalerwe lilikuwa zambarau tupu, takatifu kuliko Roma. Katikati yake kulikuwa na kipande kimoja cha njano.

"Hiyo ni yangu," alisema Ojera, na sauti yake ilikuwa na majivuno, tusifiche. "Mimi peke yangu iko sawa."

"Na hii rangi ya buluu juu yake ni nini, Afande?" aliuliza Sulaimani.

Rangi ya buluu ilikuwa mtaro. Mvua zikinyesha bonde lilifurika, kwa hiyo ofisi ilipanga kuupanua, na mpango ulisema mahali pa ibada paepukwe kila inapowezekana. Kumhamisha mtu ni barua, kuhamisha kanisa ni kesi. Basi ule mstari wa buluu ulishuka kutoka kilima cha Mulago ukiwa umenyooka, ukakutana na makanisa, ukapinda kwa adabu, ukalala juu ya paa la Ojera. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hakuna aliyesema kwamba Mungu ndiye anayechora mitaro.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Ojera alibaki akiishika ile simu mpaka kioo kikazimika.

Ilitolewa nafasi ya kupinga mpango, na bonde zima lilijua Serikali atakwenda kupinga, na atakayoyasema. Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu yawepo, makanisa yote yaliimba. Kila nyumba ilitaka iwe kweli kabla ya Ojera kufika ofisini. Wajukuu wa Mama Darlène walipiga madumu ya maji kama ngoma, muuza waragi aliwahubiria wateja wake juu ya ulevi, na Sulaimani alifagia chini ya matairi. Ojera alikaa sebuleni, ndani ya kuta zake za matofali, akiwasikia wote.

Jioni Mama Darlène akavuka ubao wa mtaro na samaki waliofungwa kwenye gazeti.

"Baba Onen," alisema, "mi nilisema kanisa juu ya woga. Kule kwetu, mutu akikuja kuandika nyumba yako, kesho banakuja na bunduki. Kanisa tu ndiyo walikuwa banaacha. Sikujua mustari utakuja kwako."

Ojera aliwasukuma samaki wale taratibu warudi upande wake. Hakuwahi kupokea kitu kwa mtu aliye kwenye kesi.

"Mama Darlène, mimi nitasema kweli. Ingine sijui kusema."

"Iko sawa," alisema mama yule. Hakulia wala hakubembeleza. Alichukua samaki wake akarudi, na Ojera alitamani sana kwamba angelia.

Kesho yake akavaa koti, akaenda. Adero alimpokea vizuri, akamwita baba, maana lugha za makwao zilikuwa ndugu na katika bonde lote ni mzee huyu tu ambaye hakumdanganya. Akamkalisha mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta.

"Baba, mimi nilijua," alisema. "Samaki ya sadaka! Lakini mtu akisema, tunaandika. Sasa wewe useme tu kwamba ile nyumba mbele yako si kanisa, mimi nabadilisha. Tazama."

Akaushika ule mstari wa buluu kwa kipanya cha kompyuta, akauvuta. Uliondoka juu ya paa la Ojera kwa wepesi, ukalala ng'ambo. Nyumba yake ikabaki njano, safi, na mti wa ovakado uani ukionekana.

Ojera alivuta pumzi ambayo ilikuwa imekwama tangu siku ile kwa Sulaimani. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akauliza swali moja la ziada.

"Yeye atalipwa?"

"Wewe ungelipwa, baba, uchelewe usichelewe, karatasi zako zipo. Yule mama hana karatasi. Na amedanganya, tutamwita aeleze. Mkimbizi tena." Adero alinyanyua mabega. "Wale wengine wako juu, mstari hauwataki. Ni wewe au yeye."

Mzee alimfikiria Mama Darlène amesimama mbele ya meza fulani, akiambiwa ajieleze, na mtu wa upande wa pili hana haraka ya kumsalimia. Meza ile aliifahamu. Alikuwa amesimama upande wake mbaya kabla hajahamia upande mzuri, na moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuitarajia asubuhi wakati anapiga viatu rangi. Aliitazama nyumba yake pale kwenye kioo. Aliipenda. Hakuna kitu alichokipenda hivyo, ukiondoa watu, na baadhi ya watu.

"Andika," alisema.

Adero akaweka vidole tayari.

"Mimi, Ojera, sajini mstaafu, nasema hivi. Hiyo nyumba ng'ambo ya mtaro ni kanisa. Najua ni kanisa kwa sababu mimi mwenyewe nasali pale."

"Baba!"

"Andika, binti yangu."

"Baba, una rozari hapo mkononi."

"Nasali pale," alisema Ojera, na jasho likamtoka kama mwizi siku ya kwanza ya kazi. Adero alimtazama sana. Kisha akaandika, na mstari ukarudi ulikotoka.

Nyumbani Maimunah alikuwa amekaa barazani akimngoja.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Ukweli?"

Akamweleza yote, maana kuwadanganya watu wawili kwa siku moja kungemshinda. Maimunah alisimama. Sauti yake ilifika mpaka njia panda.

"Miaka hii yote! Hata kumwambia mwenye duka haupo nyumbani ulikataa! Watoto wangu wamelala njaa kwa ajili ya ukweli wako! Leo ndiyo umejifunza uongo, Ojera, na umeanzia kwenye nyumba yangu?"

Mwanamke alikuwa na haki yote. Maimunah aliingia ndani akafunga mlango, na kwa siku kadhaa aliongea naye kupitia sahani tu, kwa jinsi alivyoziweka mezani.

Ijumaa wakaja watu wa mradi na kopo la rangi, wakaandika alama nyekundu kwenye ukuta wa Ojera. Bonde likapumua. Watu waliamini kwamba mzee amekwenda kusema kweli na ofisi imemkatalia, kama zinavyofanya ofisi. Walimhurumia kwa dhati, wakamwita Serikali kwa sauti ya chini, na ibada zote zikakoma siku hiyohiyo. Hata madumu yakarudi kuchota maji.

Jumapili asubuhi Ojera alivaa koti, akapiga viatu rangi, lakini hakushika njia ya parokia. Alivuka ubao wa mtaro. Mama Darlène alikuwa amekaa kwenye benchi, beseni miguuni, mikono imejaa magamba ya samaki. Alipomwona akashtuka, akadhani amekuja kudai fidia ya nyumba yake.

"Baba Onen, kuna nini?"

"Nimekuja kusali."

"Kusali? Hapa?"

"Niliandikisha ofisini kwamba nasali hapa," alisema Ojera. "Sitaki maelezo yangu ibaki uongo."

Mama Darlène alimtazama. Akatazama ng'ambo, kwenye ile alama nyekundu, kisha akamtazama tena, na polepole uso wake ukabadilika. Akaondoa beseni. Akafuta mikono kwenye kitenge mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasogea ili mzee apate nafasi kwenye benchi. Wakakaa. Hakuna kati yao aliyejua pa kuanzia, maana mchungaji wa kanisa lile hakuwahi kuliongoza.

Ubao wa mtaro ukalia. Maimunah akaingia akiwa na mtandio kichwani na hasira yake yote usoni. Alimtazama mumewe, akamtazama mwenye nyumba, akatazama samaki waliotundikwa kwenye waya.

"Mimi siendi kanisani," alisema.

"Haiko kanisa, mama," alisema Mama Darlène, na sasa ndipo machozi yakamtoka. "Mi nilibadanganya. Haijawa kanisa hata siku moja."

"Ni kanisa," alisema Ojera, akamsogezea mkewe nafasi kwenye benchi.

Maimunah akaketi.