Mamdogo Demetria na Baiskeli ya Miguu Mitatu

Mtaani kwetu Temeke ukitaka kujua kama meli ya kutoka Japani imefika, huna haja ya kwenda bandarini. Muangalie tu mamdogo Demetria. Ni mdogo wake mama, Mchaga wa Kibosho, anauza baiskeli za mtumba. Kwenye simu yake ana ile ramani ya meli, vidoti vinavyotembea baharini. Wenzake wanaangalia tamthilia, yeye anaangalia vidoti. Kidoti kikiwa bado nje kinasubiri gati, anakuwaga mpole, hata mboga anakata taratibu. Kikiingia gatini, hapo salamu yako utajiitikia mwenyewe.

Na sio yeye peke yake. Meli zikishusha mzigo Temeke yote inachangamka: wapagazi, mafundi, wamama wa chapati. Meli zikikwama nje, hata kinyozi analalamika, na kinyozi na meli wapi na wapi. Ila ndo hivyo, watu wakikosa kazi bandarini nywele zinasubiri.

Sasa mwaka huu mamdogo alikuwa na ishu moja tu kichwani, na ishu yenyewe ni Ismail. Ismail ni jirani yetu, Mmakonde wa Newala, mguu wake mmoja haufanyi kazi tangu mdogo, anatembelea magongo mawili. Anapika kahawa, na kahawa yake ni hatari, ukinywa unakumbuka mpaka vitu ulivyosoma chekechea. Lakini mikono yote miwili imeshika magongo, birika atalishikia wapi? Kwa hiyo anauziaga barazani kwake, wateja ni sie sie. Na huko barabara ya Mandela madereva wa malori wamepanga foleni ya kuingia bandarini, wanasinzia kwenye usukani, kahawa hawaioni.

Mamdogo ndo akamwambia zipo baiskeli za miguu mitatu, wazee wa Japani wanaendaga nazo sokoni, nyuma zina kapu kubwa, haziangukagi, mguu mmoja unatosha kukanyagia. Akamuahidi kumtafutia. Kontena likaja, hamna. Likaja jingine, hamna. Ismail anamuona anarudi tu na baiskeli za kawaida, anamwambia hamna neno sista. Mwisho akaacha hata kuuliza, na hiyo ndo ilimuuma mamdogo kuliko kitu chochote.

Siku moja likafunguliwa kontena kwenye yadi ya mzee Sadallah. Mzee Sadallah ana sheria moja. Kila mnunuzi anakuja na kitambaa chake. Ukiiona baiskeli unayoitaka, unaifunga kitambaa, imekuwa yako, hata ukienda kuswali hakuna wa kuigusa. Na kitambaa kikishafungwa hakihamishwi. Cha mamdogo ni kipande cha kitenge chekundu, cha Eliaichi ni kipande cha jezi kuukuu. Eliaichi ni Mpare, muuza baiskeli mwenzake, na si unajua Mpare na Mchaga ni watani, hao wawili hawajawahi kusalimiana kistaarabu.

Mlango ukafunguliwa, na kule ndani mamdogo akaliona kapu. Kubwa, la nyuma. Akachomoka. Nyie, mamdogo ana mwili, sijui alipitaje. Akafunga kitenge kwenye usukani uliochomoza pale pale juu ya kapu, akatoka anahema na kucheka mwenyewe.

Sasa kosa lenyewe ni hili. Baiskeli zikipakiwa meli, usukani unageuzwa pembeni ili ziingie nyingi, kwa hiyo usukani unaouona hapa unaweza kuwa wa baiskeli ya nyuma yake. Mamdogo analijua hilo miaka yote, na kila siku anauvuta usukani kwanza aone inatikisika baiskeli ipi, ndo anafunga. Siku hiyo kwa furaha hakuvuta. Wapagazi walipozitoa, kitenge kikatoka na kibaiskeli cha mtoto chenye kutu. Miguu mitatu ikatoka na jezi ya Eliaichi, kumbe yeye alifunga kwenye tairi.

Eliaichi akafurahi kama kapata mtoto. "Mtani, hongera kwa kibaiskeli. Kitakupunguza mwili."

Mamdogo hakujibu. Hapo yadi nzima ikajua kuna jambo, maana hajawahi kushindwa kumjibu Mpare. Akaenda kwa mzee Sadallah, akamuamkia vizuri, akamueleza. Mzee alimuonea huruma lakini akakataa. Akasema leo akihamisha kitambaa kimoja, kesho watu watapigana kwa spana yadini kwake.

Mamdogo akageuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye miguu mitatu, akaikalia.

"Mtani," akasema, "mie siombi. Nachukua."

Watu wakaanza kusogea. Kwenye utani hiyo inaruhusiwa. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mbele za watu na huruhusiwi kununa, ila una haki ya kumtoza faini.

"Shuka Demetria, hiyo ina mteja wake. Kuna jamaa wa aiskrimu ananisubiri."

"Mteja wako ana miguu mingapi?"

"Miwili, kwani vipi?"

"Wangu mmoja."

Eliaichi akauliza ni nani, akaambiwa ni Ismail wa kahawa. Akajikuna kidevu. Halafu likamjia lile tabasamu la kipare.

"Faini. Unanipakia humo kapuni, tunazunguka yadi nzima, na unasema kwa sauti kwamba Wapare ndio waliotufundisha sisi Wachaga biashara."

Kwa Mchaga, afadhali umwambie akabidhi duka. Mamdogo alimtazama, akaitazama ile baiskeli. Akakanyaga. Eliaichi magoti yamefika kidevuni, anapunga mkono kama mgeni rasmi, kila kona anasema hajasikia, rudia. Na mamdogo anarudia. Wapagazi walikaa chini kwa kucheka, mzee Sadallah alivua miwani kufuta machozi. Video ninayo, nimekatazwa kuirusha kwenye grupu la ukoo.

Mamdogo akamlipa mzee, Eliaichi akafungua jezi yake na kukichukua kile kibaiskeli, anasema ana mjukuu.

Ismail siku hizi humkuti barazani. Asubuhi birika na jiko vipo kapuni, magongo kafunga ubavuni, yupo barabara ya Mandela anapita dirisha kwa dirisha, na madereva wa Zambia wamejifunza kumuita kwa jina. Sie wa mtaani ndo tumekosa kahawa. Mamdogo, ambaye bila hiyo kahawa hafungui biashara, inabidi aifuate huko huko. Juzi kafika kanyoosha kikombe, Ismail akamwambia asubiri kidogo sista, kuna lori linaingia getini, amuwahi dereva kwanza.

Na akasubiri, tena anatabasamu.