Songa Kidogo

Dereva wa gari la zimamoto mtaani kwetu tulimbandika jina la Songa Kidogo, na alijitakia mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kuingia zamu aliipita barabara ya soko kwa miguu, akitubembeleza. "Jamani, songeni kidogo. Siku moto ukiwaka nipite wapi?" Tunavuta meza nyuma shingo upande, akigeuka tu tunazirudisha. Mimi nashona viatu pale, na alinichosha kweli.

Kwa muuza sufuria tu ndiko mdomo ulikomwia mzito, maana yule alikuwa mama mkwe wake. Meza yake ilikula nusu ya njia, lakini Songa Kidogo akifika pale huinamisha kichwa, "Umeamkaje, mama," huyo kaenda zake. Mama alitaka mkwe wa ofisini, si mtu wa kurudi kwa binti yake ananuka moshi. Alimwita "dereva" basi, tena bila kumtazama. Nilimwonea huruma.

Siku moto ulipozuka ulishika duka la fundi cherehani, mwisho kabisa wa soko, mchana watu wamejaa. Fundi alikuwa ndani. King'ora kikalia, tukakimbiza meza zetu, gari likaja mbio mpaka penye sufuria likakwama. Mama kaishikilia meza kwa mikono miwili, kaganda.

Songa Kidogo akatoa kichwa dirishani. Sauti ile sikujua anayo. "Mama! Toka hapo! Kuna mtu anakufa!"

Mama akaruka pembeni. Gari likapanda juu ya meza, sufuria zikasagika. Fundi alitolewa hai, anakohoa, utepe wa kupimia ungali shingoni.

Jioni Songa Kidogo alirudi na masizi yake usoni, akachuchumaa mbele ya mama mkwe aliyekuwa akiokota vipande. "Nisamehe, mama. Nimekufokea mbele za watu."

Mama akampa mgongo. Nikasema moyoni, leo ndoa imeingia nyufa. Kumbe anatafuta kitambaa. Akampangusa uso taratibu, kama mtoto aliyetoka kucheza. "Nenda kaoge," akamwambia. "Mkeo ana wasiwasi."

Asubuhi yake Songa Kidogo hakuwahi kufungua mdomo. Kuna mtu alikwisha kuanza kunigombeza, mikono kiunoni, meza yake mwenyewe, iliyoungwaungwa kwa misumari, imebanwa ukutani.

"Wewe wa viatu, songa! Unataka mwanangu apite wapi?"