Mzee Bundala Apima Gitaa la Plastiki

Usiku ule nililala na hasira kama mtu anavyolala na viatu, bila kuivua. Nilikuwa nimemwambia binti yangu Neema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto anayemhangaikia. Nilipogeukia ukutani nikamsikia mke wangu, Mama Neema, akivuta pumzi ndefu. Nikafumba macho.

Nieleze kwanza kilichonikasirisha, maana bila hicho ndoto niliyoota usiku huo haina miguu.

Mimi ni mpiga gitaa. Nimepiga rizimu, gitaa la kushikilia mdundo, kwenye bendi ya dansi hapa Mwanza miaka ishirini na zaidi, mpaka mwaka jana, asubuhi moja nikiwa bafuni, kiharusi kiliponishika upande wote wa kushoto. Mguu ulirudi polepole. Mkono haukurudi. Vidole vilikaa tu pale mwishoni mwake kama vya mtu mwingine niliyeombwa nimtunzie. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia vidole vinataka kazi ya kila siku, kazi ndogo inayorudiwarudiwa. Gitaa langu la kweli nililijaribu mara moja, nyuzi zikawa ngumu kama waya wa uzio. Nikamwomba mke wangu aliweke juu ya kabati na alifunike.

Neema ni mwalimu wa shule ya msingi, ni mtu wa kutafuta njia. Akampata mtu anayeuza gemu la runinga linalochezwa kwa gitaa la plastiki. Gitaa lenyewe halina nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano vya rangi, na kwenye runinga nukta za rangi zinashuka kufuata muziki. Nukta ya kijani ikifika chini unabonyeza kitufe cha kijani, na mkono wa kulia unagusa kipande kinachochezacheza pale ambapo nyuzi zingekuwa. Vidole vya kushoto vinapata kazi bila kuumia. Ni wazo zuri, sikatai.

Lakini lilikuwa jepesi. Sijui niseme vipi ili mtu asiyewahi kuvaa gitaa anielewe. Gitaa la kweli ukilivaa, mkanda unalila bega, mbao inakukaa tumboni, unajua uko kazini. Hili nililivaa nikahisi nimening'iniza boksi tupu la viatu. Nikipumua, linapanda. Nikigeuka, linabaki nyuma. Niliona aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa ananicheka.

Nikaamua kuliongezea uzito. Nilikaa mchana kutwa nimelibana kwa magoti, bisibisi mkono wa kulia. Sehemu iliyofunguka kwa urahisi ni shingo, na ndani ilikuwa wazi kama bomba, basi nikaijaza betri kuukuu za redio nilizozifunga kwa vitambaa zisigongane. Nikakaza skrubu. Nilijisifu.

Jioni nikalivaa mbele yao. Shingo ikaanguka chini palepale. Mkono wangu mgonjwa ukajaribu kuizuia, ukashindwa, gitaa likapiga meza na birika la chai likamwagika lote. Neema akainuka kwenda kuchukua tambara.

"Baba, tuliache kwa leo," akasema taratibu.

"Liache moja kwa moja. Kesho umpe mtu mwenye watoto. Mimi nilikuwa mpiga gitaa kabla wewe hujazaliwa, leo unaniletea mwanasesere."

Alifuta meza, akafuta sakafu, akaenda chumbani kwake. Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Nikajikuta sebuleni, na ni mchana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya meza. Kwenye kiti changu ameketi Mzee Bundala.

Huyu ndiye aliyenifundisha gitaa. Mchana alikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, jioni alipiga solo kwenye bendi yetu, na kazi zote mbili alizifanya kwa uso uleule, uso wa mtu asiyekubali kudanganywa hata kwa nusu kilo. Alifariki miaka tisa iliyopita. Nilikuwa miongoni mwa waliomshusha kaburini, nilishika upande wa miguu. Kwa hiyo nilijua. Hata ndani ya ndoto nilijua. Kilichonichanganya ni kwamba yeye mwenyewe alionekana hajui, na sikuwa na hakika kama ni adabu kumwambia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Shija. Lete mzigo."

Sikuelewa ni mzigo gani. Niliangalia mikononi nikaona nimelikumbatia lile gitaa la plastiki, na nikataka kulificha nyuma yangu kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Lakini nilipogeuka, nyuma yangu hapakuwa na ukuta wa sebule. Palikuwa na ghala. Marobota ya pamba yamepangwa mpaka darini, na nyuzinyuzi nyeupe zinaelea hewani, zinanikaa kwenye kope. Harufu ya mbegu za pamba ni ileile ya zamani, nilipokuwa nikimfuata kazini kwake ili anionyeshe kodi moja mpya ya gitaa, namna ya kupanga vidole kwenye nyuzi, wakati wa chakula cha mchana.

Katikati ya ghala inaning'inia mizani yenye uso mkubwa kama wa saa ya stesheni. Mzee Bundala analichukua gitaa, analitundika kwenye ndoano kwa mkanda wake. Tunasubiri. Mshale hautikisiki. Anagonga kioo kwa kucha. Hautikisiki.

"Hapa hakuna kitu," anasema.

"Nimetia betri, Mzee."

Hanisikii, au anasikia na hajali. Basi naanza kuongeza. Nachota mchanga kwa kiganja, namimina. Natia kokoto, natia nati, natia funguo za nyumba, natia vijiko na sufuria ya ugali ya mke wangu, na hata sijiulizi sufuria imeingiaje. Vyote vinazama mle ndani kama maji yanavyozama kwenye shimo la panya. Mshale umelala pale pale. Juu ya marobota wamekaa watu, najua ni wenzetu wa bendi kwa sababu ya mashati yao ya kufanana, ila kila nikimwangalia mmoja usoni, naona amegeuka upande mwingine. Nataka kuwaambia wanivumilie kidogo. Sijui wananisubiri kwa lipi.

Kisha niko jukwaani. Sikupanda ngazi, niko tu. Gitaa nimelivaa, na sasa ni zito. Ni zito kuliko jiwe la kusagia, kuliko robota, limenivuta mpaka nimepiga magoti, na shingo yake imechomoza mbele ikikwaruza mbao za jukwaa. Mkono wangu wa kushoto uko chini yake, umebanwa, na ninaona vidole vikitetemeka lakini sivihisi. Ukumbi umejaa watu wanaocheza. Kutoka darini zinadondoka nukta za rangi, kijani, nyekundu, njano, zinatua mabegani mwao na kukaa. Midomo yao inafunguka. Hakuna sauti yoyote. Nikaelewa kwamba sauti ilikuwa inaningoja mimi.

Na chini, katikati ya miguu ya wachezaji, Neema amechuchumaa na tambara. Anafuta sakafu. Anafuta hapa, wanapakanyaga, anarudia. Nataka kumwita atoke asije akakanyagwa, nafungua kinywa, na jina linalotoka si lake.

"Bundala!"

Sijawahi kumwita hivyo, bila Mzee, maisha yangu yote.

Akaja. Lakini aliyekuja alikuwa kijana. Shati jeupe, nywele zimechanwa njia upande mmoja, hana hata mkunjo mmoja usoni. Ni Bundala wa kabla sijamjua, na mimi mbele yake ni mzee mwenye mkono mmoja. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Nilishindwa kuitikia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kaburi lote. Mtu aliyenifunza kushika gitaa ananiamkia, nami ndiye wa kusema "marahaba". Nilitaka kulia, nikaona watu wananitazama.

Hakungoja niitikie. Anapiga goti mbele yangu, anaingiza kiganja chini ya shingo ya gitaa na kuiinua jinsi mama anavyoinua kichwa cha mtoto mchanga. Anaifungua, hatumii bisibisi, inafunguka tu. Anatoa betri. Moja, nyingine, nyingine, anazifungua vitambaa vyake, anazitia mfuko wa shati. Mfuko unalemea, shati linavutika upande mmoja. Nikaingiwa na hofu. Kwetu husemwa kwamba marehemu akikupa kitu ndotoni usipokee, na akichukua kitu chako usimwache aende nacho.

"Mzee, usiende nazo," nikasema, ingawa alikuwa mdogo kuliko binti yangu.

Alinitazama. Yalikuwa macho ya mizani.

"Shija, mkono wa kushoto haubebi. Bega ndilo linalobeba."

Akaliegemeza gitaa kiunoni mwangu, akalipiga kofi dogo pale kwenye kitako, mwisho kabisa, penye kishikizo cha mkanda. "Uzito unakaa huku. Mkono uache uimbe."

Shingo ilikuwa imenyooka. Hakuna aliyeishika. Mkono wangu ulikuwa umetoka chini yake na unaning'inia hewani, mwepesi, na sikujua niufanye nini. Hapo nikauliza swali nililokuwa nalo tangu nilipomwona kwenye kiti changu.

"Umekuja kunichukua?"

Alikunja uso vile alivyokuwa akikunja nikikosea kodi mazoezini, uso wa kuchoka zaidi kuliko wa kukasirika.

"Nimekuja kupima," akasema. "Nimeshapima."

"Nina uzito gani, Mzee?"

Alikuwa ameshaondoka. Nilimwona mgongo, safari hii ni mgongo wa uzee, umeinama kidogo kulia, anapita katikati ya marobota kuelekea mlango uliokuwa wa ghala na papo hapo wa sebule yangu. Nikainuka kumfuata. Nilipiga hatua moja, na sijui kama ni hofu au ni adabu iliyonizuia ya pili.

Nikaamka.

Palikuwa panapambazuka. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeulalia. Mama Neema alikuwa macho, ameegemea kiwiko, ananiangalia.

"Ulikuwa unasema," aliniambia.

"Nimemwota Mzee Bundala."

Akaketi kabisa, akajifunga kanga vizuri. "Alikupa kitu?"

"Hapana."

"Alikuita?"

"Hakuniita. Mimi ndiye niliyemwita. Yeye alichukua betri."

Akatafuta jambo hilo lina maana gani. "Betri zipi?"

"Zile nilizotia kwenye gitaa."

"Basi bora betri," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka.

Nilimkuta Neema mezani anakunywa chai. Ilikuwa Jumamosi, hakuwa na pa kuwahi. Sikujua nianzeje. Sisi wanaume wa rika langu hatukufunzwa kumwomba mtoto radhi, basi nikamwambia ndoto, yote, mpaka pale alipokuwa anafuta sakafu na mimi nikaita jina jingine. Sehemu hiyo niliisema polepole. Alinisikiliza ameshika kikombe bila kukinywea.

"Alisema mkono wa kushoto haubebi?" akauliza.

"Alisema hivyo. Bega ndilo linalobeba. Uzito ukae kwenye kitako."

Akaenda akaleta gitaa na bisibisi. Hakuniuliza kama bado nataka apewe mtu mwingine. Alifungua shingo akatoa betri, akafungua tumbo la gitaa, akapanga nati kubwa kule mwisho karibu na kishikizo cha mkanda, akazibana kwa plasta pana mpaka zikatulia. Alipomaliza alilipimapima mkononi, akainuka na kunijia.

"Nikuvalishe, Baba?"

"Nivalishe."

Mkanda ulinikaa begani. Ukalila. Nilisubiri shingo ianguke, haikuanguka. Ilinyooka mbele yangu peke yake, na mkono wangu haukuwa na kazi yoyote isipokuwa vile vitufe.

Mpaka leo sijui Mzee Bundala alikuja kwa ajili ya gitaa au kwa ajili ya jambo lingine. Huenda aliwahi kunifundisha maneno yale nikiwa kijana na akili yangu iliyahifadhi mahali nisipopajua, ingawa nimetafuta kumbukumbu hiyo na siipati. Wala sijui alipima nini, na alipata kilo ngapi. Nimewauliza wazee wawili, kila mmoja amenieleza lake. Nausimulia ujumbe kama nilivyopewa, asije akatokea mwingine anayeuhitaji nikawa nimeuficha: mkono wa kushoto haubebi.

Neema aliwasha runinga, muziki ukaanza. Nukta ya kijani ikashuka, kidole cha shahada kikachelewa. Ikashuka nyekundu, kikachelewa kinachofuata. Kidole cha mwisho hakikuinuka hata kidogo. Mpaka wimbo unaisha nilikuwa nimepata nukta tatu.

Nikamwambia Neema arudishe mwanzo.